Nimsimamieje mwanafunzi wa uzamivu anayefundisha kozi peke yake bila kumpokonya darasa?

Mratibu wa Kiswahili (Marekani) ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mhadhiri na mratibu wa programu ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha kusini mwa Marekani. Kozi zetu za mwaka wa kwanza na wa pili sifundishi mimi. Zinafundishwa na wanafunzi watatu wa uzamivu, wawili kutoka Tanzania na mmoja kutoka Kenya, ambao chuo huwalipia ada na kuwapa posho kwa kazi hiyo. Si wasaidizi wa kusahihisha tu. Kila mmoja ana darasa lake, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye ratiba kuwa ndiye mwalimu wa kozi, na yeye ndiye anayetunga majaribio, anayesahihisha na anayepeleka alama za mwisho kwa msajili. Wakati huohuo yeye mwenyewe ni mwanafunzi mwenye semina zake na mitihani yake, na mara nyingi ameingia nchi hii wiki mbili tu kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Nalileta swali hili kwa sababu muhula uliopita nilikosea, na sitaki kukosea tena.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza alichelewa siku nne kuwasilisha rekodi ya mazungumzo, kazi ambayo wanafunzi wawili wawili hujirekodi wakipatana bei ya nguo sokoni. Muhtasari wa kozi ulisema wazi kwamba kila siku ya kuchelewa inapunguza alama 10 kati ya 100, na mwalimu wake akakata alama 40 kama ilivyoandikwa. Yule mwanafunzi hakurudi kwa mwalimu wake. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akaeleza kwamba alikuwa na msiba, akalia. Nami kwa kumwonea huruma, na pia, niseme kweli, kwa kuogopa kwamba akiiacha kozi darasa litapungua chini ya idadi inayotakiwa na idara, nikamwahidi palepale kwamba alama zake zitarudishwa. Kisha nikamwandikia mwalimu barua pepe ya mistari miwili kumwarifu.

Wiki iliyofuata wanafunzi watatu wengine walimletea kazi zilizochelewa, na mmoja wao akamwambia mbele ya wenzake kwamba akikataa watakwenda kwa "mwalimu mwenyewe". Jioni hiyo yule mwalimu kijana alikuja ofisini kwangu. Hakupaza sauti. Aliniamkia kama kawaida yake, akaweka juu ya meza yangu daftari la maksi, ambalo bado hupenda kuliandika kwa mkono, akasema, "Mwalimu, naona bora darasa ulichukue wewe, mimi nitakuwa nakugawia karatasi." Sikuwa na la kumjibu, na daftari lile lilikaa mezani kwangu siku mbili kabla hajakubali kulichukua.

Jambo la pili linahusu kuketi darasani. Nilikwenda kumwangalia huyohuyo akifundisha, nikakaa nyuma na saa yangu. Katika kipindi cha dakika 50 yeye alizungumza dakika 38, na ubao wote ulijaa jedwali la ngeli. Msichana mmoja akauliza: kwa nini tunasema "daktari wangu" lakini tunasema "rafiki yangu", ilhali wote wawili ni watu? Mwalimu akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Ndivyo tunavyosema." Nilijikuta nimesimama, nikaeleza mimi kwamba rafiki, pamoja na majina mengi ya undugu kama dada, kaka na baba, hushika kimilikishi cha ngeli ya I-ZI japokuwa kitenzi chake ni cha A-WA. Wanafunzi wote waligeuka kwenye viti vyao wakanitazama mimi, wakaanza kuandika. Wakati ule nilidhani nimemsaidia.

Ninaelewa kwamba usimamizi si hiari. SACSCOC, shirika linaloidhinisha vyuo vya majimbo ya kusini, katika mwongozo wake linataka mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayefundisha awe na shahada ya uzamili katika fani hiyo au amemaliza kozi za ngazi hiyo zenye saa 18 za muhula (kipimo cha uzito wa kozi); tena asimamiwe moja kwa moja na mhadhiri mzoefu wa fani hiyo, apewe mafunzo ya mara kwa mara akiwa kazini, na atathminiwe kwa utaratibu uliopangwa. Hayo nimeyasoma na kuyatia sahihi. Nisilolijua ni namna ya kuyatenda kila siku bila kumfanya kijana aonekane mtumishi wangu mbele ya watu anaowapa maksi. Wenye uzoefu, naomba mnisaidie: malalamiko yakija kwangu niyapokeeje? Niketi darasani mara ngapi, na nikiona kosa nifanye nini? Na kabla ya muhula kuanza, ni yapi ambayo hawezi kuyajua asipoambiwa?

Mwalimu wa Siku Nyingi amejibu:

Ndugu Mratibu, nimeratibu lugha za Kiafrika katika vyuo viwili vya hapa kwa zaidi ya miaka kumi, na kosa la alama nimewahi kulifanya mimi pia, kwa hiyo nitaanza na hilo.

Mwanafunzi akija kwako na malalamiko kabla hajazungumza na mwalimu wake, msikilize kwa upole, mpe kiti, mpe maji ikiwa analia, lakini swali lako la kwanza liwe: "Mwalimu wako amesemaje?" Akisema hajamwona, mrudishe kwake siku hiyohiyo, nawe umwandikie mwalimu kumweleza ni nani anakuja na kwa sababu gani, ili asishtukizwe. Wakishindwana, keti nao wote wawili. Wakishindwana tena, idara ina utaratibu wa rufaa ya alama ulioandikwa, na utaratibu huo unawalinda wote. Usiahidi alama wakati mwalimu hayupo, hata kama una hakika ungeamua hivyohivyo. Kwa msiba kama ule, kijana wako angeweza kabisa kusamehe mwenyewe. Alichonyimwa ni nafasi ya kuwa mwenye huruma katika darasa lake.

Yaliyokwisha kuharibika yanatengenezeka. Mwombe radhi, tena kwa maneno yaliyo wazi, yasiwe ya kuzungukazunguka. Wewe ni mkubwa kwake kwa umri na kwa cheo, na kwetu mkubwa kumwambia mdogo "nilikukosea" kuna uzito ambao barua pepe haiubebi. Kisha mwachie yeye atangaze kanuni mpya. Sisi tulikubaliana kwamba kila mwanafunzi ana siku tatu za kuchelewa katika muhula mzima, azitumie apendavyo bila kueleza sababu, na zikiisha zimeisha. Malalamiko ya namna ile yalipungua sana.

Kuhusu kuketi darasani, mimi huketi mara mbili kwa muhula kwa mwalimu mpya. Mara ya kwanza ni wiki ya tatu, na haiingii kwenye faili lolote. Mara ya pili ni baada ya mtihani wa kati, na hiyo ndiyo ninayoiandikia ripoti. Siku moja kabla, tunakutana kwa nusu saa, na yeye ndiye anayeniambia niangalie nini. Mmoja aliniomba nihesabu ni wanafunzi wangapi hawakufungua mdomo kipindi kizima. Walikuwa sita kati ya kumi na wanne, wote wa upande wa dirisha, na yeye hakuwa amegundua kwamba husimama akiwapa bega. Ndani ya darasa mimi sisemi neno. Naandika nilichokiona na dakika yake: 9:12 ameuliza swali, 9:12 amelijibu mwenyewe. Tunazungumza siku hiyohiyo, kabla ya kumbukumbu kupoa, na yeye ndiye anayeanza kusema. Halafu wiki inayofuata yeye anakuja kuketi kwenye darasa langu. Sehemu hiyo usiiruke.

Lile la "rafiki yangu" ungelimezea, ndugu yangu, kisha umwambie ofisini, naye angelirudisha darasani kesho yake kama zawadi kutoka kwake.

Mafunzo ya kabla ya muhula ni marefu, nitataja machache ambayo mgeni hana pa kuyaokota. Sheria ya mwaka 1974 inayoitwa FERPA inampa mwanafunzi wa chuo haki juu ya rekodi zake za masomo, kwa hiyo mzazi akipiga simu kuuliza maendeleo ya mwanawe, mwalimu asijibu kama ambavyo angejibu mzazi nyumbani Iringa. Ampeleke kwa msajili. Barua kutoka ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu si ombi. Ikisema mwanafunzi anastahili muda mara moja na nusu, jaribio la dakika 50 linakuwa la dakika 75, na hapo lazima ijulikane mapema atakaa chumba gani wakati darasa lingine linaingia. Mwambie pia kanuni za chuo chenu kuhusu mwanafunzi akimweleza kwamba amenyanyaswa kijinsia: ikiwa chuo kinamtaka mwalimu atoe taarifa, yule mwanafunzi anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua moyo wake wote, si baada ya kuumaliza.

Mkufunzi wa Ualimu (Tanzania) amejibu:

Nimesoma kwa makini. Hapa nyumbani mkufunzi msaidizi wa chuo kikuu kwa kawaida huendesha semina, mhadhara wenyewe hutolewa na mhadhiri, na alama za mwisho huenda kwa mhadhiri. Vijana wengi wanaokuja huko, hata waliowahi kufanya kazi chuoni, hawajawahi kumiliki kozi tangu muhtasari hadi mtihani. Msimamizi asidanganywe na wasifu wao.

Dawa ninayoijua ni andalio la somo. Walimu wetu wanapokwenda mazoezi ya kufundisha, hawaingii darasani bila azimio la kazi na andalio lililoandikwa: lengo la kipindi, hatua za somo na dakika za kila hatua, mwalimu atafanya nini, mwanafunzi atafanya nini, na mwisho kuna nafasi ya mwalimu kuandika tathmini yake mwenyewe baada ya kipindi. Mwalimu ambaye safu ya "mwanafunzi atafanya nini" inasema "atasikiliza" katika kila hatua, unajua tangu karatasini kwamba atazungumza dakika 38. Unamsaidia Jumapili badala ya kumshangaa Jumatatu. Kwa hiyo mimi, kwa heshima, ningemtaka kila mmoja alete maandalio ya wiki nzima kila Ijumaa katika muhula wake wa kwanza, na msimamizi ayasome na kuyarudisha.

Sikubaliani na Mwalimu wa Siku Nyingi kuhusu ziara ya kwanza kutoingia kwenye faili. Mema ya mwanzo nayo yaandikwe, kwa sababu siku kijana akitafuta kazi, mtu atahitaji ushahidi kwamba alianzia wapi akafika wapi.

Mwanafunzi wa Uzamivu, Mwaka wa Nne amejibu:

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni miongoni mwa hao mnaowazungumzia: nafundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza peke yangu, huu ni mwaka wangu wa nne, na naomba niseme yanayoonekana kutoka upande wa ubaoni.

Mkufunzi, maandalio ni mazuri, nami nilifunzwa ualimu kwa hayohayo. Lakini hesabu inabana. Sisi wenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, haturuhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Darasa langu linakutana siku tano. Saa za ofisini ni mbili, kusahihisha kunakula saa nne au tano, jaribio la Ijumaa lazima litungwe, na barua pepe za wanafunzi huingia hadi karibu na saa sita usiku. Ukiongeza andalio kamili la kurasa mbili kwa kila kipindi, saa zitapita 20 nasi hatutasema, tutaiba tu muda wa tasnifu. Kilichonifaa mimi ni jalada la pamoja ambamo waliotutangulia walikuwa wameacha maandalio yao, majaribio na hata picha za ubao. Muhula wa kwanza nilifundisha ya mwingine nikiyarekebisha. Wa pili nikaanza kuandika yangu na kuyaacha humo. Wala madai ya kazi ya namna hii si ya leo: wanafunzi waliofundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison waliunda chama chao mwaka 1966, wakagoma mwaka 1970, na mgomo ule ukawapatia mkataba.

Kuhusu "ndivyo tunavyosema", nilitamani ardhi inimeze nilipoisoma, kwa sababu nami nimelisema jibu hilo mara nyingi. Mtu aliyezaliwa na Kiswahili hajui kwamba ana kanuni kichwani hadi Mmarekani wa miaka kumi na tisa amuulize. Mratibu wangu alitupa njia: "Swali zuri, sina jibu kamili leo, nitalileta kesho," kisha lazima ulilete kesho. Tulikuwa na daftari la maswali hayo, na kila Jumatano sisi walimu watatu tulikutana saa moja, kila mmoja akaleta jambo moja lililomshinda wiki ile. Moja tu. Hapo ndipo nilipojifunza pia kupunguza Kiingereza darasani, kwa sababu ACTFL, jumuiya ya walimu wa lugha za kigeni hapa Marekani, inapendekeza asilimia 90 au zaidi ya muda wa kipindi iwe katika lugha inayofundishwa, nami nilikuwa naeleza ngeli zote kwa Kiingereza.

Lakini ninalotaka zaidi Mratibu alisikie ni hili. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuuliza hali, unamjibu njema. Mratibu wangu wa kwanza alikuwa mtu mwema sana. Kila tulipokutana ukumbini nilimwamkia, akaniuliza, "Darasa linaendeleaje?" nami nikajibu, "Linaendelea vizuri, Mwalimu, namshukuru Mungu." Nilijibu hivyo katika wiki ambayo wanafunzi wawili walikuwa wamekunja mikono na kukataa kusimama kuigiza mazungumzo, na mmoja akaniambia hanielewi kwa sababu ya lafudhi yangu. Nilijibu hivyo nikiwa sijalala. Kumwambia vinginevyo kungekuwa kumlalamikia mtu aliyenipa kazi, na nilihofu ataona nimeshindwa na ufadhili wangu utakatwa. Hakuwa na njia ya kujua.

Aliyemfuata alikuwa na tabia tofauti. Hakuuliza "vipi". Alisema, "Nionyeshe karatasi tatu za jaribio la Ijumaa: ya juu, ya katikati na ya chini." Tukaziangalia pamoja mezani. Karatasi ya chini ilikuwa ya mwanafunzi aliyeandika saa zote kinyume, saa saba asubuhi badala ya saa moja, na tulipopitia zile nyingine tukaona nusu ya darasa ina kosa hilohilo. Sikulazimika kukiri lolote, karatasi zilisema. Maoni ya wanafunzi ya mwisho wa muhula tuliyasoma hivyohivyo, yeye na mimi, sentensi moja baada ya nyingine, na yale mawili yaliyozungumzia lafudhi akayaweka kando akasema haya hayakupimi wewe, akaniambia nisiyarudie usiku. Nimefundisha hadi leo kwa sababu ya mezani pale.

Kwa hiyo, Mwalimu, kama yule ndugu yetu alifika mpaka akaweka daftari mezani kwako na kusema alichokisema, tafadhali usilihesabu kuwa ni utovu wa adabu. Wengi wetu tungelichukua daftari kimya, tukamaliza muhula, tukaomba mwaka unaofuata tupangiwe kazi ya maktaba.

Mratibu wa Kiswahili (Marekani) amejibu:

Marahaba, mwanangu, na asante. Hilo la "linaendelea vizuri" nimelisoma mara tatu, kwa sababu ndilo jibu ninalopewa na wote watatu kila Jumatatu, na nimekuwa nikilipokea.

Niliyoyatenda tangu niulize ni machache. Nimemwomba kijana radhi, ana kwa ana, kwa yote mawili, la alama na la kusimama katikati ya somo lake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama akinionyesha kanuni mpya ya kazi zinazochelewa nitaisimamia hata kama mwanafunzi atalia. Nimemwambia ndiyo, na nimeiandika. Kuhusu maandalio, nadhani Mkufunzi na Mwaka wa Nne wanaweza kukutana njiani: nitaomba andalio moja tu kwa wiki, la kipindi ambacho mwalimu mwenyewe anakihofia, na saa ya kuliandika nitaiondoa kwenye kusahihisha, kwa kuwa majaribio ya msamiati yanaweza kusahihishwa na kompyuta. Ya ziara ya kwanza kuingia kwenye faili nitamwachia kila mmoja achague. Pia nitawauliza kama wangependa kuhudhuria mafunzo ya kiangazi ya kituo cha taifa cha lugha za Kiafrika, kile kilichoanzia Madison mwaka 1999 na baadaye kikahamia Chuo Kikuu cha Indiana. Wakikubali, idara iwalipie nauli, na hilo nitalipigania.

Jumatano ijayo kijana atakuja kuketi nyuma ya darasa langu la mwaka wa tatu. Nimemwomba aje na saa.